Bwawa Likishuka, Lisome Hivi

Kila kiangazi kikikaza, mtoto wa kaka yangu anayeendesha Noah kati ya Moshi na Mwanga hunipigia simu kunitangazia msiba wa bwawa la Nyumba ya Mungu. "Shangazi, bwawa limeisha, maji yamekimbia mbali." Namuuliza yapo mita ngapi, ananyamaza. Siku hizi anaongezea na picha za Lake Powell ya Marekani anazoziona kwenye simu, ile miamba myekundu yenye mkanda mweupe, na anataka kujua kama na sisi ndiko tunakoelekea.

Nimestaafu kazi ya kusoma geji za mito, yaani vipimo vya kimo cha maji. Naandika ili yeye na wenzake wajue namna ya kulisoma bwawa linaloshuka, la kwetu au la watu.

Kwanza, tafuta alama tatu

Kimo cha bwawa hutangazwa kwa mita juu ya usawa wa bahari. Ukisikia bwawa la Mtera lipo mita 691 usidhani lina kina cha mita 691. Namba hiyo peke yake haisemi kitu mpaka ujue tatu nyingine: bwawa linajaa wapi, mitambo ya umeme inakoma wapi, na tundu la chini kabisa la kutolea maji lipo wapi. Chini ya hapo maji yapo ila hayatoki yenyewe. Wanayaita maji mfu.

Mtera hujaa mita 698.5, na kiwango cha chini cha kuendesha mitambo ni 690. Kwa hiyo kwenye 691 umebakiwa na mita moja tu ya kuchezea. Oktoba 2015 ukame uliibana mpaka mitambo yake ikazimwa.

Powell ni bwawa la korongo la jangwani, mpakani mwa Utah na Arizona, nyuma ya ukuta wa Glen Canyon kwenye mto Colorado. Takwimu zake hutolewa kila siku, kwa hiyo ni zuri kwa kujifunzia. Wao wanahesabu kwa futi. Gawa kwa 3.28 upate mita. Linajaa kwenye mita 1,128 hivi, mitambo inakoma 1,064, maji mfu yanaanza 1,027. Mwanzoni mwa 2023 lilishuka mpaka karibu 1,073. Toa mwenyewe: mita 9 juu ya mitambo. Ukuta unaonekana mrefu, lakini waendesha mitambo walikuwa hawalali.

Pili, usigeuze kimo kuwa ujazo

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata watangazaji. Chukua hiyo 1,073 ya Powell. Kutoka maji mfu mpaka kujaa ni mita 101, na zilizobaki ni 46. Mtu wa haraka atasema bwawa lina karibu nusu. Ukweli ni kwamba maji yaliyokuwamo yalikuwa chini ya robo. Korongo ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo mita ya juu hubeba maji mengi kuliko mita ya chini. Na ndiyo maana bwawa likishafika chini hushuka haraka hata kama matumizi hayajaongezeka.

Nyumba ya Mungu inakudanganya kwa upande mwingine. Ile ni sinia. Maji yakishuka mita moja, ukingo unakimbia mbali, wavuvi wanakokota mitumbwi kwenye tope, na anayepita barabarani anaona jangwa. Powell ikishuka mita moja, unaona mstari mmoja tu umeongezeka kwenye mwamba. Ule mkanda mweupe ni chokaa iliyoachwa na maji, na unaupima kwa wima. Kwa hiyo ukiwa Lang'ata, kando ya bwawa letu, usipime kwa macho. Uliza kimo.

Kuna na tope. Vipimo vilivyotolewa 2022 vilionyesha Powell ilikuwa imepoteza karibu asilimia 7 ya nafasi yake tangu malango yafungwe 1963, kwa sababu ya mchanga na udongo unaoletwa na mito. Kimo kilekile cha zamani leo kina maji pungufu. Sisi tunaolima miteremko bila makinga maji tusijione tumepona.

Tatu, jua maji yanatoka wapi

Mtoto wa kaka anaamini Nyumba ya Mungu inakauka kwa sababu theluji ya Kilimanjaro inaisha. Watu wengi hapa mjini wanaamini hivyo, na viongozi wa dini wamelisema madhabahuni. Barafu ile inapungua kweli, lakini mchango wake kwenye mito ni mdogo mno. Mito yetu inalishwa na mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima, ikazama ardhini na kutokea kwenye chemchemi. Mto Kikuletwa ndio unaoleta sehemu kubwa, ukikusanya maji ya Kilimanjaro na ya Meru. Ruvu unatoka ziwa Jipe. Ukitaka kulia, lilia msitu.

Powell ndiyo ya theluji. Theluji ya milima ya Rocky ikiyeyuka, bwawa hupanda kuanzia Aprili au Mei mpaka mwanzoni mwa Julai. Hata huko theluji pekee haitoshi kubashiri: mwaka 2021 haikuwa mbaya sana, lakini maji yaliyofika bwawani yalikuwa karibu theluthi moja tu ya wastani. Ardhi ilikuwa kavu, ikanywa kwanza.

Kwa hiyo linganisha tarehe na tarehe. Kimo cha leo kiweke mbele ya kimo cha siku kama hii mwaka jana, usikilinganishe na cha mwezi uliopita. Februari kabla ya masika bwawa letu kuwa chini ni kawaida. Likiwa chini Juni, baada ya masika kupita, hapo nipigie simu hata usiku.

Nne, hesabu wanaokunywa

Kabla maji hayajafika Nyumba ya Mungu yamepita kwenye mifongo, ile mifereji ya asili ya mlimani, kwenye majaluba ya mpunga ya Chekereni na Mabogini, na kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Baada ya bwawa, mitambo ya pale ni megawati 8 tu, lakini mitambo ya umeme ya Hale na Pangani huko chini inayasubiri maji hayohayo. Halafu jua nalo linachukua lake, na kwa sinia linachukua sana.

Majimbo yanayochota mto Colorado yaligawana maji yake kwa mkataba wa 1922, yakitumia vipimo vya miaka ya mvua nyingi. Yakaahidiana maji mengi kuliko yanayoletwa na mto. Watu milioni 40 hivi wanautegemea, ila sehemu kubwa ya maji inakwenda mashambani, nyingi kwa majani ya mifugo. Wamama wa Moshi wanaopanda na mzigo wa majani kichwani hawatashangaa kwamba ng'ombe ndiye anayekunywa zaidi.

Ukitaka geji yako

Chagua nguzo ya zege au mwamba usiosogea, chora alama kwa rangi ya mafuta kila sentimita kumi. Soma asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, kwa sababu mchana upepo husukuma maji upande mmoja na utasoma uongo. Chukua katikati ya wimbi. Andika tarehe, saa na kimo kwenye daftari. Kwenye simu utapoteza. Tazama tofauti ya wiki, ya siku moja usiijali.

Jambo la mwisho ni la fedha. Bwawa likishuka hujitokeza watu wa kukodisha ile ardhi nyeusi ya pembeni, na kweli nyanya zinakubali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za ukingo, na ardhi iliyoachwa na maji hurudi kuwa bwawa maji yakipanda. Anayekukodisha muulize anapima kuanzia ukingo upi. Akikuonyesha wa leo, rudi nyumbani na hela yako.