Mastodon ikionekana tupu, anza na alama ya reli

Wengi wakijiunga na Mastodon, mtandao wa kijamii, kwenye simu hukuta ukurasa mtupu, wakaifuta programu siku hiyo hiyo. Jamani, msikimbie! Kule hakuna mtambo wa kukuchagulia cha kuona. Unaletewa ya wale unaowafuata, kwa mpangilio wa muda. Kwa hiyo kabla hata ya kusaka watu, fuata alama za reli (hashtag), yaani maneno yanayoanza na #. Tafuta #Kiswahili, ifungue, bonyeza kufuata, na machapisho yenye alama hiyo yataanza kukujia hata kama mwandishi humjui.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Unapoandika, angalia kitufe cha lugha karibu na kisanduku cha maandishi. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, huenda kimesimama kwenye EN. Kibadilishe kiwe Kiswahili, maana mtu aliyechagua kuona Kiswahili tu kwenye kurasa za umma hatakuona, na sisi ndio tunaotafutana.

Siri zako zipeleke kwingine: ujumbe binafsi wa Mastodon haujasimbwa mwanzo hadi mwisho, na msimamizi wa seva (kompyuta inayohifadhi akaunti yako) akitaka anaweza kuusoma.