Kusimulia Ukeketaji: Namna ya Kuanza, Namna ya Kusikiliza, na Wakati wa Kusema Hadharani

Msichana anapokeketwa, mara nyingi huagizwa jambo moja kabla hata kidonda hakijakauka: asimwambie mtu. Wengi hulitii agizo hilo kwa miaka ishirini au thelathini, wakaolewa nalo na kujifungua nalo, wakaingia nalo hadi chumba cha daktari. UNICEF ilikadiria mwaka 2024 kwamba wasichana na wanawake zaidi ya milioni 230 walio hai wamekeketwa. Mwongozo huu ni kwa manusura anayetaka kulivunja agizo hilo, na kwa yule atakayeketi naye. Nitasisitiza jambo moja tangu mwanzo: simulizi ni mali ya aliyekeketwa, na inapaswa kumfaa yeye kwanza kabla haijatumwa kumshawishi mtu mwingine yeyote. Nimeona utaratibu huo ukipinduliwa, na anayeumia huwa ni yule yule aliyekwisha kuumizwa.

Kumbukumbu ya tukio la namna hii hukaa vipande vipande: harufu ya dawa ya kuoshea kidonda, uzito wa mtu aliyekalia kifua, vigelegele nje ya mlango. Kipande kimoja kikiguswa, mwili hushtuka kana kwamba jambo lile linatokea sasa hivi, na ndiyo maana mwanamke anaweza kuganda kwenye kitanda cha uchunguzi wa kawaida hospitalini bila kuelewa kilichomshika. Kusimulia huvipanga vipande hivyo: kilichotangulia, kilichotokea na kilichofuata. Wataalamu wa tiba ya simulizi, ambayo imetumika sana kwa wakimbizi na manusura wa vita, hutandaza kamba sakafuni. Mtu huweka ua kila mahali palipokuwa na furaha maishani mwake na jiwe kila palipokuwa na maumivu, kisha baadaye husimulia akifuata mpangilio huo hatua kwa hatua. Jiwe la siku ile hubaki kuwa jiwe, lakini mwenye nalo huona kwa macho yake kwamba lina mahali pake, na kwamba kuna maua kabla yake na baada yake. Ncha ya kamba huachwa imeviringishwa, kwa ajili ya miaka ambayo haijafika.

Kuanza

Anza kwa kuandika au kujirekodi ukiwa peke yako, katika lugha ile ile iliyosemwa siku ile, kwa maana maneno ya lugha nyingine huwa mepesi mno. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, aliyeanza kuchunguza uandishi wa aina hii miaka ya 1980, aliwaomba watu waandike kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza sana, bila kujali tahajia wala mpangilio. Mara tu baada ya kuandika, wengi walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilionekana baadaye. Basi usishangae huzuni ikikuzidi jioni hiyo. Lakini ukikosa usingizi siku kadhaa, au ukijikuta unaishi upya siku ile mchana kweupe, acha kuandika na umtafute mshauri nasaha aliyefunzwa kushughulikia kiwewe.

Usianzie kwenye wembe. Anzia pembeni, kwenye kitu unachoweza kukishika bila kutetemeka: gauni jipya ulilovishwa asubuhi, mlango uliofungwa kwa nyuma, jina la rafiki aliyekuwa mbele yako kwenye foleni. Sentensi kama «Nilifurahia gauni kwa sababu nilidhani tunakwenda sherehe» inabeba usaliti wote wa siku ile, tena haikulazimishi kueleza mwili wako. Kila kikao ukimalizie leo: andika ulipo sasa, una umri gani, nani yuko nyumbani, utafanya nini baada ya kuweka kalamu chini.

Utafika kwa mama. Katika masimulizi mengi, aliyeshika miguu au aliyemwita ngariba ni mama, shangazi au bibi, naye alikeketwa vilevile na aliamini kwamba anamwepusha binti na aibu. Andika upendo na hasira kwenye ukurasa mmoja bila kuchagua kati yake, wala usikubali mtu akuharakishe kusamehe ili simulizi ipate mwisho mzuri. Wapo pia wasiokumbuka lolote kwa kuwa walikuwa wachanga, wakaja kuambiwa ukubwani; kugundua huko nako ni simulizi kamili.

Kwa anayesikiliza

Kazi yako ni ndogo na ni ngumu. Usimkatize, usimuulize alikatwa kiasi gani, na usilinganishe. Shirika la Afya Duniani limegawa ukeketaji katika aina 4, na mgawanyo huo unamfaa mkunga anayepanga namna ya kuzalisha. Katika duara la manusura hugeuka kuwa mizani ya kupimia nani ana haki ya kulia. Akinyamaza, nyamaza naye. Akianza kupumua kwa shida, muulize kwa sauti ya kawaida: «Tuendelee, au tupumzike?» Usimkumbatie bila kumwomba ruhusa, kwani siku ile alishikwa bila kuulizwa.

Kusema hadharani

Manusura wengine hawatafika hapa, na hawana deni kwa yeyote. Kwa anayetaka, kipimo ninachokitumia ni hiki: je, anaweza kusimulia mchana na bado akala na kulala usiku? Kama bado, asubiri.

Ridhaa iandikwe, na kila kitu kiombwe peke yake: jina, sura, sauti, mahali, na pale simulizi itakapotumika. Aelezwe wazi kwamba kilichokwisha kusambaa mtandaoni hakirudishwi. Katika nchi ambazo ukeketaji ni kosa la jinai, kumtaja aliyehusika kunaweza kumfikisha mama au ngariba mahakamani, kwa hiyo mwanasheria aonwe kabla ya kipaza sauti kuwashwa. Wafikiriwe pia wadogo zake, hasa wale ambao bado hawajakeketwa na wanaishi katika nyumba ile ile.

Simulizi ya utetezi ni fupi kuliko ile ya kupona. Chagua tukio moja, eleza madhara unayoyaishi hadi leo, kama vile uchungu wa hedhi au wa kujifungua, kisha umwombe msikilizaji jambo analoweza kulitenda. Mbunge aombwe kura na mkunga aombwe huduma isiyo na dharau, naye baba aombwe kutamka nyumbani kwamba binti yake hatakeketwa. Mwaka 2024 Bunge la Gambia lilijadili muswada wa kuondoa marufuku ya ukeketaji iliyowekwa mwaka 2015. Manusura walijitokeza kueleza waliyopitia, na mwezi Julai muswada huo ukakataliwa. Sidai kwamba ni sauti zao peke yake zilizoamua, ila wabunge hawakuweza tena kuijadili mila kana kwamba haina majeruhi.

Mwandishi wa habari au mwandaaji wa mkutano atume maswali mapema na akubali jibu la «hilo sitalijibu». Akataliwe akitaka picha ya wembe au ya mtoto anayelia. Manusura alipwe nauli na muda wake kama mzungumzaji mwingine yeyote, aende na mtu anayemwamini, na mtu huyo akae mahali anapoonekana kutoka jukwaani.

Kesho yake mpigie simu. Kabla ya kumweleza watu walivyoipokea hotuba, muulize alivyolala.