Somo: Kutunza gari dogo la familia kwenye barabara zetu za Uganda

Toyota Premio, Allion, Corolla na ndugu zao karibu zote tulizo nazo hapa zimetumika Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa Mombasa. Huko zilizoea lami safi. Hapa zinakula vumbi la maramu, zinakesha kwenye jamu ya Kampala, halafu zinapigwa na mvua za misimu miwili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo ratiba ya matunzo ninayowapa ni ya hapa. Mengi yake unayafanya mwenyewe nyumbani, asubuhi, injini ikiwa baridi. Fundi analiona gari lako mara chache kwa mwaka. Anayelilaza na kuliwasha kila siku ni wewe, na dalili za kwanza zinakujia wewe.

Hatua ya 1: Soma gari lako

Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ya mlango. Magari mengi yana kijikaratasi cha gereji ya Japani kilichoandikwa tarehe ya kumwaga oili na kilomita za siku hiyo. Mwaka wao mara nyingi huhesabiwa kwa enzi ya mfalme. Ukikuta 28 ya enzi ya Heisei, jumlisha 1988 upate 2016. Ukikuta 3 ya enzi ya Reiwa, jumlisha 2018 upate 2021. Sasa linganisha na dashibodi. Kama karatasi ya mwaka 2019 inasema 92,000 na dashibodi leo inasema 68,000, mita imerudishwa nyuma, na huwezi kupanga matunzo kwa namba hiyo. Anza upya: badilisha oili zote na machujio yote, andika kilomita za leo kwenye daftari, uhesabu kuanzia hapo.

Angalia pia kibati cha namba ya injini chini ya boneti. Injini za 1NZ, 1ZZ na 2ZR zinatumia mnyororo wa taiming, unaozungusha vali zifuatane na pistoni. Zile za zamani za 4A, 7A na 3S, kama kwenye Corona Premio, zinatumia mkanda, na mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, usisubiri ukatikie Karuma.

Hatua ya 2: Oili ya injini

Egesha mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Usizidishe juu ya alama ya pili, maana oili iliyozidi hutoa povu na povu halilainishi chuma.

Kitabu cha gari cha Japani huruhusu kwenda mbali sana kabla ya kumwaga oili, na chenyewe kinasema punguza nusu kwa matumizi magumu. Jamu ni matumizi magumu: injini inaunguruma saa nzima na kilomita haziongezeki. Mwaga kila kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia, na chujio lake lisirudi la zamani. Injini nyingi za sisisi 1,500 na 1,800 huchukua lita nne au pungufu kidogo. Nunua dukani kopo lililofungwa, lifunguliwe mbele yako.

Hatua ya 3: Maji ya rejeta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu injini nyingi zinazofia njiani zinakufa kwa kuchemsha.

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria hapo huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye 93. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na joto hilohilo. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya rejeta ni kofia, ambayo huyabana kwa shinikizo. Juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Injini ikiwa imepoa kabisa, ifungue utazame mpira wake kwa chini. Ukiwa umekakamaa, umepasuka au umeacha alama ya kutu, nunua kofia nyingine yenye namba ileile. Ni spea ya bei ndogo na inaokoa sileda hedi, yaani kichwa cha injini.

Maji ya bomba na ya kisima weka ukikwama tu. Yanaleta kutu na magadi ndani ya vijia vyembamba. Tumia kulanti, maji maalumu ya rejeta, iliyokwisha kuchanganywa. Toyota nyingi hutumia ya rangi ya waridi au nyekundu. Kiwango kwenye chupa ya pembeni kiwe kati ya alama. Kikishuka kila wiki, maji yanavuja mahali, na kuongeza peke yake si matibabu.

Na tafadhali, mtu asikudanganye utoe tamostati, vali inayozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto, eti Uganda ni joto. Bila tamostati injini haifikii joto lake, inakunywa petroli zaidi na oili inageuka uji mweusi. Tamostati mbovu dawa yake ni tamostati nzima.

Hatua ya 4: Matairi

Kwenye nguzo ileile ya mlango kuna kibandiko cha upepo. Kikiandikwa 220 kPa, kwa mashine zetu za PSI ni 32. 230 ni 33. Pima asubuhi kabla ya safari, kwa sababu tairi lililotembea husoma zaidi.

Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara. 3522 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na mpira uliokufa, kwa hiyo soma tarehe kabla ya kulipa. Meno yakifika milimita 1.6 tairi limekwisha, ila mimi kwa mvua za hapa nalitoa likiwa bado na 3.

Hatua ya 5: Vumbi, betri, breki

Chujio la hewa likaguliwe kila mwezi kama unapita maramu. Lipige taratibu chini, vumbi litoke. Ukilielekeza juani na huoni mwanga, badilisha. Usilioshe kwa maji.

Betri: unga mweupe kwenye vichwa usafishe kwa maji ya moto. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, malizia na hasi. Injini ikiwa imewashwa, mita ya volti isome kati ya 13.8 na 14.4.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ibadilishe kila miaka miwili, hasa wewe unayeshuka milima ya Kabale na Kisoro.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, habari. Niko Busia. Premio yangu inagonga mbele upande wa kushoto nikipita bampu. Fundi wa hapa anasema nibadilishe shokabu zote mbili.*

Nzuri, mama. Kabla ya shokabu, mwambie akague linki za stebilaiza, vile vijiti vifupi vinavyoshika chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa stendi, ashike linki kwa mkono aitikise. Ikicheza, ndiyo hiyo. Shokabu iliyokufa mara nyingi utaona oili imevuja mwilini mwake, na gari linaendelea kudunda baada ya bampu.

*Mimi niko Arua. Gia yangu ni CVT. Nimeambiwa ATF ya kawaida, oili ya gia za otomatiki, inafanya kazi ileile na ni nafuu.*

Usikubali, kaka. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. ATF haiwezi kazi hiyo. Tumia ile iliyotajwa kwa gari lako. Kama gari lina kijiti cha kupimia oili ya gia, kwa kawaida jina lake limeandikwa hapo.

*Injini yangu 1ZZ inakula oili. Nitie 20W-50 ili ipungue?*

1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa hilo. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba na ringi hunata. Oili nzito huchelewa kupanda asubuhi na inasumbua mfumo wa VVT-i, unaotumia oili kurekebisha muda wa vali kufunguka. Baki na 5W-30 au 10W-30, pima kijiti kila wiki, ongeza inapopungua, na uanze kuweka akiba ya ringi.

*Krismasi tunakwenda Mbarara, watu watano, na tunarudi na mikungu ya matoke kwenye buti. Upepo uwe ngapi?*

Kama kibandiko kinasema 32, ya nyuma ipandishe mpaka 35 kabla ya kupakia. Kagua na spea pia, wengi huikuta haina upepo siku ya pancha. Mkirudi na kupakua, shusha.

*Juzi nimezimikiwa ndani ya maji Bwaise. Nikapiga stati mara moja ikakataa, nikaacha. Nijaribu tena leo?*

Hapana, na umefanya vyema kuacha. Maji yakiingia kwenye sileda hayabaniki kama hewa. Ukilazimisha, konrodi, fimbo inayoshika pistoni, inapinda. Livute hadi gereji. Watoe plagi zote, wazungushe injini kwa spana ili maji yatoke, wakaushe chujio na njia ya hewa, wakague oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, waimwage pamoja na chujio kabla mtu yeyote hajagusa ufunguo. Na oili ya gia wasiisahau.