Toa tarehe kwenye ripoti: kugawa msimbo wa Python

Nilikuwa na faili moja, ripoti.py, yenye mistari 2,300. Ndani yake fanksheni ya kusoma tarehe ilikuwa imenakiliwa mara nne. Nikairekebisha mara tatu, ya nne ikanipita: ikaendelea kusoma mwezi kwanza, siku baadaye. Kuanzia tarehe 1 hadi 12 hakuna aliyeshtuka, maana 5/3 na 3/5 zote ni tarehe halali. Tarehe 13 programu ikagoma, kwa kuwa mwezi wa 13 haupo. Data ya siku 11 kati ya hizo 12 ilikuwa imeshaharibika kimyakimya; imepona ile tu ambayo siku na mwezi ni namba moja, kama 3/3.

Basi anza na kile ulichokinakili. Kwenye Python moduli ni faili tu, huhitaji kibali cha mtu. Fungua tarehe.py:

```
from datetime import datetime

def soma_tarehe(maandishi):
    return datetime.strptime(maandishi, "%d/%m/%Y").date()
```

Kisha futa nakala zote nne na juu ya ripoti.py uandike `from tarehe import soma_tarehe`. Zifute kweli, usiziache kama maelezo yenye alama ya # mbele.

Usigawe kwa kuhesabu mistari. Jiulize: ni jambo gani litanifanya nifungue faili hili tena? Muundo wa tarehe ukibadilika, nifungue tarehe.py peke yake. Ndiyo maana siyapendi mafaili yanayoitwa mchanganyiko.py, kila kisicho na kwao hutupwa humo, na baada ya miezi mitatu umerudi kwenye mistari 2,300. Jihadhari na majina pia. Ukiliita faili lako random.py, Python italiona lako kabla ya lile la maktaba yake, kwa sababu huanza kutafuta kwenye folda ya programu unayoiendesha.

Jambo linalowasumbua wengi ni hili: unapoingiza moduli (import) kwa mara ya kwanza, Python huendesha faili zima, mstari kwa mstari. Ukiwa umeacha humo amri ya kutuma barua pepe, barua itatumwa. Kazi za namna hiyo ziweke chini ya `if __name__ == "__main__":`, sharti linalotimia faili linapoendeshwa lenyewe tu, moduli ibaki kimya inapoitwa na wenzake.

Moduli zikiwa tano au sita, zikusanye kwenye folda, tuseme nyaraka, na uweke humo faili tupu la `__init__.py`. Tangu Python 3.3 folda huweza kuingizwa hata bila faili hilo, lakini mimi huliweka kila mara ili msomaji ajue hiki ni kifurushi (package), yaani folda ya moduli. Ndani ya ripoti.py mstari ule sasa unakuwa `from .tarehe import soma_tarehe`. Nukta hiyo, yaani "kifurushi hiki hiki", haitaeleweka ukiendesha faili moja kwa moja. Simama nje ya folda uandike `python -m nyaraka.ripoti`.

Moduli mbili zikiitana, ya kwanza ikiihitaji ya pili na ya pili ikiihitaji ya kwanza, toa zinachogombania ukipeleke kwenye faili la tatu.

Mradi mwingine ukikihitaji kifurushi, usikinakili. Kando ya folda ya nyaraka weka pyproject.toml, faili linalokitambulisha kifurushi:

```
[project]
name = "nyaraka"
version = "0.1.0"
```

Ukiwa hapo hapo, endesha `pip install -e .` (pip ni kisakinishi cha Python, na -e humaanisha mradi usome folda hii hii, si nakala) ukitumia mazingira (virtual environment) ya ule mradi mwingine. Miradi yangu miwili sasa inaandika `from nyaraka.tarehe import soma_tarehe`, na nikigusa faili lile moja, yote miwili inapata rekebisho inapoanzishwa tena.