Mhusika habadiliki kwa pointi: kupanga mwendo wa uhusiano katika gemu za RPG za watu wazima

Mchezaji akikubali kukaa saa thelathini na wahusika wako, anakudai jambo moja: wakibadilika, aweze kusema kwa nini. Gemu nyingi za RPG (gemu ambamo mchezaji huongoza mhusika ndani ya hadithi) za watu wazima, hasa zinazotengenezwa na mtu mmoja au timu ndogo, hukwama hapo hapo. Michoro inavutia, muziki umetulia, lakini mwanamke ambaye jana hakutaka hata kukutazama, leo anakumwagia siri zake zote kwa kuwa umempelekea zawadi tatu. Mchezaji hatakuandikia barua kukueleza kasoro iko wapi. Atafunga gemu na hatarudi.

Mwongozo huu ni kwa anayeandika hadithi yenye mambo ya kikubwa: mapenzi, ulevi, madeni, msiba, ukatili wa nyumbani. Msimbo kidogo nitakaouonyesha ni wa Ren'Py, injini (programu ya kutengenezea gemu) ya bure inayotegemea lugha ya Python, lakini anayetumia Twine au RPG Maker atafuata kanuni zile zile.

Mfano wetu ni huu. Idrisa, miaka 38, amerudi Tanga baada ya baba yake kufariki. Yeye ndiye anayeongozwa na mchezaji. Mwanahawa, miaka 44, mjane, ni wakala wa forodha bandarini na alifanya biashara na marehemu kwa miaka mingi.

Hatua ya 1: Andika anachokificha

Achana kwanza na zile fomu za rangi anayoipenda na chakula anachokichukia. Kwa kila mhusika mkuu andika sentensi tatu: anataka nini sasa hivi, anaficha nini, na jambo gani likitokea ataondoka asirudi.

Mwanahawa anataka kufunga hesabu za marehemu kimya kimya. Anaficha kwamba alimdhamini marehemu kwenye mkopo, na watoto wake hawajui. Ataondoka siku atakayosikia Idrisa ameuza nyumba iliyowekwa rehani bila kumwambia.

Ukishakuwa na hizo tatu, ukali wake wa siku ya kwanza una chanzo. Hamkatai Idrisa kwa sababu mwandishi anahitaji kizuizi. Anamkwepa kwa sababu kila swali la Idrisa linakaribia kabati lenye hati ya udhamini huo.

Anayetaka kuona jambo hili likifanywa kwa ustadi acheze sehemu ya Bloody Baron katika The Witcher 3 ya CD Projekt Red, iliyotoka 2015. Unafika kwa mwenyeji mcheshi, mlevi kidogo, aliyepotelewa na mke na binti, na unamhurumia. Kisha unajua alikuwa akimpiga mkewe, na kwamba mimba imeharibika. Kisha anakusimulia upande wake, naye ana maumivu ya kweli. Angalia kilichofanyika hapo: kwa muda mrefu yule mtu mwenyewe hajabadilika hata kidogo. Kinachobadilika ni unachokijua, na kila fungu la ukweli linakulazimisha urudi kuhukumu upya maneno aliyokwisha kuyasema. Kabla hujamgeuza mhusika, mfunue. Ni kazi ndogo zaidi na mchezaji huiamini haraka zaidi.

Hatua ya 2: Pointi ziruhusu, tukio ligeuze

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Pointi za uhusiano si dhambi. Kompyuta inahitaji namba ili ikumbuke mchezaji alimtendeaje mtu. Tatizo linaanza pale namba yenyewe inapokuwa sababu. Katika Dragon Age: Origins ya 2009, kila mwenzako wa safari ana kipimo cha kukukubali kinachotoka hasi 100 hadi 100, na zawadi hukipandisha. Gemu ile ina wahusika ninaowapenda sana, lakini mchezaji anaweza kumuudhi mwenzake kwa uamuzi mzito kisha akasawazisha kwa vitu vya mfukoni. Mwaka uliofuata, studio ile ile ya BioWare, katika Mass Effect 2, iliufunga uaminifu wa wenzako kwenye misheni inayohusu jambo la mtu mwenyewe. Tali, mmoja wa wenzako hao, anashtakiwa kwa uhaini mbele ya watu wake. Wewe unapata ushahidi wa kumsafisha, lakini ushahidi huo unamchafua marehemu baba yake, naye anakusihi usiutoe. Ukiutoa unamwokoa na adhabu, na unaupoteza uaminifu wake. Hakuna zawadi ya kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo onyesho lolote la kugeuka liwe na masharti matatu: imani ya kutosha, tukio mahususi ambalo mchezaji alilishuhudia au kulisababisha, na muda wa mhusika kulitafakari. Katika Ren'Py inaonekana hivi:

```
default siku = 1
default imani = 0
default ameona_hati = False
default siku_ya_hati = 0

label ofisini_jioni:
    if imani >= 4 and ameona_hati and siku >= siku_ya_hati + 2:
        jump mwanahawa_asimulia
    jump mwanahawa_kazini
```

Idrisa anapoikuta hati ya udhamini kwenye makaratasi ya baba yake na kuamua kumpelekea Mwanahawa mwenyewe badala ya kaka yake, unaweka `ameona_hati` kuwa kweli na `siku_ya_hati` inachukua namba ya siku hiyo. Mwanahawa hasemi kitu jioni ile. Anaipokea, anaikunja, anaiweka chini ya daftari. Siku mbili baadaye ndipo anaanza, "Baba yako aliniomba nisimwambie mtu." Zile siku mbili, ambazo kwenye msimbo ni namba tu, ndizo zinazomfanya mchezaji amwone mtu mzima anayepima maneno yake.

Kumbuka kuwa viwango vya namba vyenyewe vina uzito. Baldur's Gate 3 ya studio ya Larian ilipotoka Agosti 2023, wachezaji wengi walishangaa jinsi wahusika wenzao wa safari walivyowatongoza mapema. Swen Vincke, mkuu wa studio, alieleza baadaye kuwa hitilafu ilifanya viwango vya kukubalika viwe chini mno. Sauti za waigizaji ni zile zile na mistari ni ile ile, ila namba ilikosewa na Gale, mmoja wa wahusika hao, akaonekana mtu mwenye pupa. Kwa hiyo usiache viwango hivyo vipangwe mwishoni kabisa na anayesahihisha msimbo. Ni sehemu ya uandishi, na mwandishi ndiye wa kuvipanga.

Hatua ya 3: Andika mstari mmoja mara nne

Chagua jambo dogo linalojirudia kati ya wahusika wawili, kisha uliandike kwa kila hatua ya uhusiano wao. Mimi hupenda kutumia namna mtu anavyompokea mgeni, kwa sababu kwetu kupokea mtu hakufichi kitu. Idrisa anaingia ofisini kwa Mwanahawa:

Siku ya kwanza: "Karibu, Bwana Idrisa. Kaa hapo. Pole na msiba. Nina mzigo unatoka saa nne."

Baada ya kumsaidia kufuatilia kontena: "Karibu. Chai iko kwenye chupa, jimiminie."

Baada ya kuusema ukweli wa mkopo: "Tangu asubuhi ulikuwa wapi wewe?"

Baada ya kusikia kwamba nyumba imeonyeshwa kwa dalali: "Karibu, Bwana Idrisa. Kaa hapo."

Mstari wa nne ni mwanzo wa ule wa kwanza. Mara ya kwanza ulikuwa adabu ya kawaida, na sasa unachoma. Hukuhitaji mhusika aseme "umeniumiza", wala picha ya machozi. Ukiweza kupata hatua nne kama hizi kwa kila uhusiano mkuu, una uti wa mgongo wa mwendo wako, na maonyesho mengine utayapanga kati yake.

Na hiyo ya nne isikuogopeshe. Waandishi wengi huchora uhusiano kama mstari unaopanda tu. Mlevi anayeacha pombe kwenye sura ya pili na asiiguse tena hadi mwisho hafanani na mlevi yeyote tunayemjua mtaani. Mpe nafasi ya kuanguka, na anguko hilo liwe na sababu isiyomhusu mchezaji.

Hatua ya 4: Amua saa iko mikononi mwa nani

Kwenye riwaya mwandishi ndiye anayeshika saa. Kwenye gemu mnagawana, na mchezaji atafanya mambo ambayo hukuyapanga: atazunguka mji mzima akifungua masanduku wakati mtu anamsubiri hospitali.

Disco Elysium ya 2019 ilijibu tatizo hili kwa ustadi. Saa yake husogea unapozungumza au kusoma. Ukitembea tu, muda umesimama. Maana yake kila dakika ya siku imetumika kwenye maneno. Baldur's Gate 3 nayo huweka maonyesho mengi ya wenzako kambini, unapolala. Huo ni mpango mzuri, ila mchezaji bahili wa kulala huyakosa baadhi, na mengine humpata yakiwa yamerundikana.

Kwa gemu ndogo nakushauri hivi: onyesho zito lisizidi moja kwa siku ya gemu, na mengine yapange foleni. Foleni iwe na kipaumbele, yaani msiba kabla ya utani. Onyesho likikaa siku nyingi bila kuonekana, lifute au liandike upya kwa toleo la kuchelewa. Mtu aliyetaka kukuambia jambo Jumatatu akakukosa hadi Ijumaa hatalisema kwa maneno yale yale.

Baada ya kila onyesho zito weka siku ya kawaida. Mwanahawa anagombana na dereva wa lori kuhusu risiti, Idrisa anangoja kivulini. Ukiiondoa siku hiyo ili "kuharakisha", onyesho linalofuata litaonekana limedondoka kutoka juu.

Hatua ya 5: Mhusika awe na siku yake

Hii ni fupi. Mara kwa mara mchezaji aende ofisini asimkute. Meli imeingia, mtoto anaumwa, yuko kwenye kikao cha vikoba. Akirudi awe na habari ambayo haikumhusu Idrisa, na mara moja moja uamuzi wake mkubwa usababishwe na mtu mwingine kabisa.

Hatua ya 6: Onyesho la faragha, anza na asubuhi yake

Kama hadithi yako inafika kitandani, andika kwanza asubuhi inayofuata. Nani kaamka wa kwanza? Nani anatafuta simu yake haraka? Wanaitanaje mbele za watu siku hiyo? Ukishindwa kujibu, basi onyesho la usiku halina kazi katika hadithi, na hakuna mchoro utakaoliokoa. Mara nyingi ukiwa na asubuhi nzuri utagundua usiku wenyewe unatosha kuishia mlangoni.

Mambo mengine hapa si ya ladha, ni ya lazima. Kila mhusika kwenye onyesho hilo awe mtu mzima, umri wake umetajwa kwenye hadithi mapema. Mchezaji aweze kusema hapana bila kupoteza nusu ya gemu, na mhusika pia awe na hapana yake, hata pointi zikijaa. Gemu inayomgeuza kila anayekataliwa kuwa adui inamfundisha mchezaji kukubali kila kitu, na hapo uhusiano wote unakuwa wa kutegeana. Unapoipeleka Steam au itch.io, maduka ya gemu ya mtandaoni, tamka maudhui hayo ya kikubwa kama wanavyotaka, kwa lugha iliyo wazi.

Hatua ya 7: Soma upande mmoja

Rasimu ikikamilika, toa mistari yote ya mhusika mmoja kwenye njia moja ya hadithi, kwa mpangilio wa siku, bila mistari ya mchezaji. Isome kwa sauti. Mahali anapobadilika utapasikia, na kama sababu haipo katika mistari ishirini iliyotangulia, mchezaji naye hataiona. Rudia kwa njia mbili za kupindukia: mchezaji anayeruka kila kitu, na yule anayezungumza na kila mtu kila siku.

Kisha mpe mtu acheze, umuulize maswali mawili tu: "Ni lini ulianza kumwamini?" na "Kwa nini?" Akijibu la kwanza akakwama la pili, usikimbilie kuongeza onyesho la maelezo baada ya lile lililomkwaza. Rudi kwenye lililotangulia, utafute tukio lililokosekana, na ufute sifa zozote ambazo mhusika alimpa mchezaji kabla ya tukio hilo. Badili namba kwenye sharti la msimbo mwisho kabisa, ukishahakikisha maneno yamekaa sawa.