Namna ya Kupima Kauli za Wanasiasa Kuhusu Hukumu ya Vitalu vya Makaa ya Mawe nchini India

Mahakama inapotamka kwamba maliasili ya taifa iligawiwa kinyume cha sheria, vyama huanza kutoa kauli kabla hata hukumu haijasomwa hadi mwisho. Anayetaka kuzipima kauli hizo hana budi kuanza na hukumu yenyewe, na ile iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya India tarehe 25 Agosti 2014, chini ya Jaji Mkuu R. M. Lodha, inafaa sana kujifunzia.

Andika miaka inayoguswa na hukumu, kisha kando ya kila mwaka andika nani alikuwa madarakani. Naiona hatua hii kuwa na manufaa kuliko nyingine zote. Mahakama ilisema kwamba migawo ya vitalu iliyoanza mwaka 1993 ilifanywa kiholela, bila ushindani wala vigezo vya wazi. Tangu mwaka huo chama cha Congress kilitawala, zikafuata serikali za muungano wa United Front, ukaja muungano ulioongozwa na chama cha BJP chini ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee, kisha Congress ikarudi mwaka 2004 na Waziri Mkuu Manmohan Singh. Kwa hiyo anayedai kwamba hukumu ilimgusa mpinzani wake peke yake ameficha sehemu ya kalenda. Naye mtu wa Congress anayejitetea kwa kusema "hata wao waligawa" bado anadaiwa maelezo, kwa kuwa vitalu vingi zaidi viligawiwa baada ya chama chake kurudi madarakani.

Kisha tenganisha uharamu wa mgawo na hatia ya mtu. Majaji walipima utaratibu. Makosa ya jinai yalichunguzwa na kusikilizwa kando. Vivyo hivyo, hasara ya rupia trilioni 1.86 iliyotajwa majukwaani ilikuwa makadirio ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu katika ripoti ya mwaka 2012, wala haikuwa kiasi kilichoamuliwa na majaji hao.

Baada ya hapo, ondoka jukwaani ufuatilie kilichosemwa mahakamani, kwa maana huko maneno hubeba wajibu. Serikali mpya ya BJP, kupitia Mwanasheria Mkuu Mukul Rohatgi, ilieleza kwamba haikupinga kufutwa kwa migawo, ila iliomba migodi kadhaa iliyokuwa ikifanya kazi au kukaribia kuanza inusuriwe. Tarehe 24 Septemba mahakama ilifuta vitalu 214 kati ya 218, ikaamuru waliokwisha kuchimba walipe rupia 295 kwa kila tani, na ikawaruhusu waliokuwa wakichimba kuendelea hadi tarehe 31 Machi 2015. Mwezi Oktoba serikali ikatoa sheria ya dharura ya kuvigawa upya vitalu, hasa kwa mnada. Linganisha hatua hizo na ahadi zilizotangulia.

Ukikuta kauli kwamba mnada ndio njia pekee halali ya kugawa maliasili yoyote, kumbuka kwamba mahakama hiyohiyo, katika maoni iliyompa Rais mwaka 2012, ilisema Katiba hailazimishi hivyo.

Mwisho, isome kila kauli tena ukiwatafuta wakazi wa majimbo ya Jharkhand, Chhattisgarh na Odisha, ambao ardhi yao ndiyo inayochimbwa. Kama hawamo, liandike hilo katika tathmini yako kwa uzito uleule uliowapa wawekezaji.