Vespa hii ni ya aina gani? Isome namba kabla hujatoa pesa

Assalaam alaykum. Wiki hii wanachama watatu wa chama chetu cha vespa wameniletea picha ya vespa ileile, ya buluu, inayouzwa Mlandege, hapa Unguja. Mmoja kaambiwa ni aina ya Sprint, wa pili kaambiwa aina ya Super, wa tatu kaambiwa "ya Mtaliana ya zamani tu, inawaka." Na kila jina na bei yake. Hebu tukae tuisome wenyewe.

Nenda mchana, si baada ya magharibi. Chukua tochi, brashi ya waya, kitambaa, mafuta ya taa kidogo na kipande cha chaki.

Kwanza ni namba ya bodi, na hapa usiwe na haraka. Vespa haina chesisi mbali na bodi. Bati lenyewe ndiyo fremu, kwa hivyo namba imegongwa kwenye bati. Vua vifuniko vyote viwili vya ubavuni, cha upande wa mashine (injini) na cha pili, umulike ukingo wa bati. Kwetu huku hewa ya chumvi na rangi za juu kwa juu huizika. Lowanisha kwa mafuta ya taa, isubiri, kisha sugua polepole. Msasa usiuguse, unakula herufi. Ikikauka, ipake chaki kisha ifute juujuu kwa kitambaa: unga hubaki ndani ya vijitaro vya herufi na namba inajitokeza nyeupe. Ukiona alama ya kuchomelea kuizunguka, au pati nene mahali hapo tu, funga mkoba wako urudi nyumbani.

Sasa zisome herufi za mwanzo. Za Piaggio, kiwanda cha Italia kinachotengeneza vespa, za miaka hiyo huanza na V na kumalizikia T, kutokana na neno la Kitaliana telaio, yaani fremu. VBB1T na VBB2T ni Vespa 150 ya 1960 hadi 1967. VBC1T ni 150 Super, iliyoanza 1965. VLA1T ni aina ya GL. VLB1T ni Sprint, na Sprint Veloce iliyokuja baadaye ikabeba herufi hizohizo. VLX1T ni PX 150 na VNX1T ni PX 125, za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Tarakimu zinazofuata ni za mfuatano wa kiwandani, na ndizo zinazokupa mwaka. Beji ya jina usiihesabu kabisa. Beji inauzwa dukani, na tundu mbili za kuifunga hutobolewa kwa dakika tano.

Halafu mashine. Namba yake iko kwenye mkono wa mashine, karibu na inapofungwa shokapu ya nyuma. Herufi ni zilezile ila mwisho ni M, ya motore, yaani mashine. Bodi VBC1T hutaka mashine VBC1M.

Ringi na taa ziache mwisho. Soma tairi: 3.50-8 ni ringi ya inchi 8, nayo ni ya VBB na Super. 3.50-10 ni ya GL, Sprint na PX. Taa yenye pembe ni ya GL na Sprint ya mwanzo. Veloce na Super zote zina taa ya duara.

Kwa nini mwisho? Kwa sababu mimi mwenyewe nilinunua "Sprint" Jang'ombe kwa kutazama taa ya pembe, inchi 10 na beji. Nilipofika nyumbani nikapaka chaki: VBC1T. Mtu kaitia Super uma wa mbele wa kitu chengine, usukani wa kitu chengine, akapiga rangi. Pesa ya Sprint ilikuwa imeshakwenda.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Wete: Fundi, shikamoo. Kutu imekula, naona VL tu. Nitajuaje?

Marahaba. VL inaweza kuwa GL, Sprint au PX. PX ni rahisi: vifuniko vyake vya ubavuni hufunguliwa kwa vishikio vilivyo chini ya kiti. Ikiwa vishikio viko nje, rudia chaki, kisha linganisha na kadi ya usajili. Asije mtu akakwambia "tuigonge upya." Hapo unanunua matatizo.

Kutoka Kikwajuni: Bodi yangu VLB1T, mashine VLX1M. Nimeibiwa?

Hukuibiwa, kaka. Mashine ya PX hutiwa kwenye Sprint na hutembea vizuri. Ila usilipe bei ya Sprint kamili, na tazama kadi imeandikwa mashine ipi.

Kutoka Mkoani: Namba haifanani na hizo zote, na muuzaji anaapa ni ya Italia.

Kiapo hakigongwi kwenye bati. Hiyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya India: kampuni ya Bajaj walitengeneza kwa leseni ya Piaggio, kisha skuta yao ya Chetak ikaanza 1972, na kampuni ya LML ya Kanpur wakafuata umbo la PX. Si gari baya. Mimi hupanda skuta ya Bajaj kila siku kwenda Darajani. Ubaya ni kuiita Sprint.

Kutoka Mlandege: Nimekwenda kwa ile ya buluu. Chaki imetoa VBB2T, ringi inchi 8. Dalali kanyamaza.

Basi aliyeambiwa "ya Mtaliana ya zamani tu" ndiye pekee aliyeambiwa kweli. Tazama namba ya mashine, kisha mrudie dalali umuulize bei ya VBB.